Jirani Mwema Hafuti Deni la Serikali



Liko neno linalozidi kusemwa katika mabaraza yetu, nalo husemwa kwa sauti tamu hata wengi huliitikia kwa makofi. Neno lenyewe ni hili: "Wananchi wajitolee." Akitajwa mjane asiye na mtu, twaambiwa kwamba jirani zake wapo. Wakitajwa yatima, twaambiwa kwamba kijiji kiunde kamati. Akitajwa kipofu au kiwete, twakumbushwa kwamba wazee wetu zamani walitunzana bila kuingoja serikali. Tena liko neno la pili, nalo halisemwi na wakubwa bali na sisi wenyewe, kila mmoja penye mlango wake: "Yule bibi amekwisha kuandikwa katika orodha ya kaya maskini, sisi hayatuhusu tena."

Maneno haya mawili yaonekana kama maadui, kumbe ni ndugu, baba mmoja mama mmoja. La kwanza lamtwika jirani mzigo wa serikali; la pili laitwika serikali mzigo wa jirani. Na katikati yake amelala mtu mwenye njaa. Twataka kuyapinga yote mawili, lakini zaidi lile la kwanza, maana ndilo lenye nguvu siku hizi, tena ndilo lililovaa nguo ya wema.

Kwanza, tusiidharau kazi ya jirani. Huko Ankole na Kigezi, katika Uganda, watu wa vilimani wana vyama viitwavyo engozi, yaani machela. Mtu akizidiwa na ugonjwa usiku, au mwanamke akishikwa na uchungu, wanachama humlaza katika machela na kumchukua mabegani kwa zamu, wakipokezana, mpaka barabarani au hospitalini. Katika nchi ya Upare, Tanzania, watu huitana kwa msaragambo, wakachimba mfereji au kutengeneza njia kwa mikono yao. Mkoani Kagera kuna vyama vya kuzikana, ambavyo humsaidia aliyefiwa kwa chakula, kwa fedha na kwa watu wa kukaa naye matangani. Mambo haya hayakuletwa na bwana yeyote kutoka mjini. Watu waliyaanzisha wenyewe kwa kuwa walijua ya kuwa fimbo ya mbali haiui nyoka. Nyoka akiingia nyumbani usiku, afaaye ni yule aliye karibu.

Lakini sasa itazameni machela yenyewe. Wachukuzi waweza kumfikisha mgonjwa mlangoni pa hospitali. Hawawezi kuwa mganga, wala hawawezi kuwa dawa. Wakifika wakakuta mlango umefungwa, au kabati tupu, jasho lao lote lamfaa nini mgonjwa? Watu wa Kisiizi, huko Kigezi, waliliona jambo hili. Mwaka 1996 hospitali ya Kanisa iliyoko pale ilianzisha mpango wa bima ya matibabu, nao ukajengwa juu ya vyama vile vile vya machela, ili wale waliozoea kuchukuana wazoee pia kulipiana. Walifanya vema sana, nasi twawasifu. Walakini kila mpango wa namna hiyo hudai ada, na mwenye shida kuliko wote ni yule asiye na ada. Chama cha maskini hakiwezi kumchukua maskini wa mwisho bila kuvunjika mgongo.

Tutoe mfano mkubwa kuliko huo. Mwaka 1983 ugonjwa wa UKIMWI ulitambuliwa kwa mara ya kwanza katika Tanzania, nao ulikuwa mkoani Kagera. Miaka iliyofuata vijana walikufa, na watoto wao wakaachwa mikononi mwa bibi zao. Ni nani waliowaosha wagonjwa wale? Ni majirani na jamaa. Ni nani waliowapikia uji, wakawageuza vitandani, wakawachimbia makaburi? Ni hao hao. Mwaka 1987 huko Kampala Bibi Noerine Kaleeba, aliyekuwa amefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alishirikiana na wenzake wachache kuanzisha chama cha TASO, ili wagonjwa wapate matunzo na wasifichwe kama watu waliolaaniwa. Hatujui kazi ya kujitolea iliyo bora kuliko hiyo.

Lakini mauti hayakurudi nyuma kwa sababu ya uji. Yalirudi nyuma dawa za kupunguza virusi zilipofika. Na mtu wa kijijini hakuweza kuzinunua mpaka zilipotolewa bure, jambo ambalo Tanzania ililianza mwaka 2004. Upendo uliwafariji wagonjwa, nao ulikuwa wajibu wetu. Dawa ndizo zilizowainua. Na dawa hazikununuliwa kwa mchango wa kijiji. Zilitaka hazina kubwa, maghala, magari, waganga na vitabu vya hesabu. Mtu awaambiaye wanakijiji kwamba upendo wao watosha mahali pa vitu hivyo, huyo hawasifu. Awaachia wafu wa kuzika.

Tena liko jambo la pili, nalo ni chungu kulisema, lakini lazima lisemwe. Jirani hampendi kila mtu. Twapenda kumsaidia mtu wa ukoo wetu, mtu wa chama chetu, mtu mwenye maneno mazuri. Je, yule tusiyempenda? Tukumbuke mambo yaliyotendeka Usukumani, katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, ambako akina mama vikongwe waliuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi kosa lao lilikuwa macho mekundu, ambayo yalitokana na moshi wa jikoni wa miaka mingi. Waliowasingizia hawakutoka nchi ya mbali. Walikuwa majirani, na pengine jamaa waliotaka shamba. Ajuza wa namna hiyo akiambiwa angoje huruma ya kijiji, ni sawa na kumpeleka kuku kwa mwewe akatunzwe. Yeye apaswa kuwa na haki isiyotegemea kama apendwa au hapendwi. Haki ya namna hiyo haiwezi kutoka kwa jirani. Hutoka kwa serikali, ambayo humwandika mtu kwa jina lake na kwa umri wake, si kwa sura yake.

Ndiyo maana twasema kwamba msaada wa serikali ni deni, wala si sadaka. Hata kikongwe anunuaye sabuni na kiberiti hulipa kodi ndani ya bei. Alilima pamba au kahawa ujana wake wote, na ushuru wake ulijenga barabara ambazo hakuzipita kwa motokaa. Na sheria kuu za nchi zetu zalikiri jambo hili. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, katika ibara ya 11, yaiagiza mamlaka ya nchi iweke utaratibu wa kumpatia mtu msaada wakati wa uzee, maradhi na ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 43, yaitaka serikali iwape hifadhi watu wasioweza kujitunza wenyewe pamoja na wanaowategemea. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba wajibu huo huisha jirani akiwa mwema.

Wala si kweli kwamba kulipa deni hili haiwezekani katika nchi zetu. Mwezi wa Aprili 2016 Zanzibar ilianza kumpa kila mzee aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kwa fedha za hazina yake yenyewe, bila kuuliza kama alikuwa karani au mvuvi. Na kiasi hicho kimeongezwa tangu hapo. Kenya ilianza mwaka 2004 kuwapa fedha walezi wa yatima, na mwaka 2018 ikaanza kuwaandika wazee wote waliopita miaka 70 wasio na pensheni nyingine, kwa shilingi 2,000 za Kenya kila mwezi. Katika Tanzania Bara, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, uitwao TASAF, ulianzishwa mwaka 2000. Na mpango wake wa kuzinusuru kaya maskini, ulioanza mwaka 2012 na kuanzishwa kwa awamu mpya mwaka 2020, ulizifikia kaya zaidi ya milioni moja. Kiasi hicho cha fedha ni kidogo, na mara nyingine huchelewa. Lakini kidogo kijacho kwa haki ni tofauti na kikubwa kijacho kwa kuombwa, maana mwenye haki aweza kuuliza, "Mbona hakijafika?" na mwombaji hawezi.

Sasa twaja kwenye jambo lituumalo zaidi. Ni nani hasa wanaojitolea? Twaambiwa "wananchi", lakini tazameni ni nani aendaye. Ni mwanamke, mara nyingi mjane mwenyewe au mama wa watoto wengi. Asubuhi ahesabu watoto waliodhoofu. Adhuhuri ampeleka mgonjwa zahanati. Jioni ajaza daftari kwa mwanga wa koroboi, kwa kuwa taarifa yatakiwa kesho. Shamba lake limeota magugu. Akidai malipo, aambiwa kwamba kazi hii ni ya wito. Lakini yule aipokeaye taarifa yake ofisini hupata mshahara, na posho ya safari, wala hakuna amwulizaye habari za wito.

Twataka basi watu wajue tofauti, ili wasidanganywe. Kazi ya kujitolea ina alama zake. Mwenye kuifanya aweza kusema, "Leo siwezi," wala asiadhibiwe. Haimwondoi katika jembe lake siku nyingi. Wala hadaiwi hesabu kama karani. Kuchota maji kwa ajili ya mgonjwa, kukaa na aliyefiwa, kumsomea barua asiyejua kusoma, kumfundisha hesabu mtoto wa jirani: hizo ni kazi za kujitolea, na aombaye mshahara kwa ajili yake ataaibika. Lakini kazi ya kila siku, yenye daftari, yenye msimamizi, yenye karipio ikikosekana, hiyo ni ajira, hata ikipewa jina gani. Na mwajiriwa asiyelipwa tulikuwa na jina lake hapo zamani, nalo si jina zuri.

Hili si wazo letu peke yetu. Mwaka 2018 Shirika la Afya la Ulimwengu lilitoa mwongozo likashauri kwamba wahudumu wa afya wa vijijini walipwe kwa kadiri ya kazi yao. Kenya mwaka 2023 iliwatuma wahudumu wa namna hiyo wapatao 100,000, pamoja na vifaa vyao, na ikaahidi kuwapa shilingi 5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali ya taifa na nusu kutoka kaunti. Tanzania nayo mwaka 2024 ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwaweka kazini wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya laki moja kwa muda wa miaka mitano. Hizo ni hatua njema, nasi hatukosi shukrani. Lakini ahadi si mshahara mpaka imefika mkononi. Dawa ya deni ni kulipa.

Wako watakaotupinga, nasi twayajua maneno yao.

Wa kwanza watasema, "Serikali zetu ni maskini, zitapata wapi fedha?" Twajibu: mjane ni maskini zaidi, naye atakiwa kutoa. Kama mfuko wa taifa hauwezi, mfuko wa mwanamke yule utawezaje? Tena tuangalie hatari ya kuutegemea mkono wa mgeni. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake kwa nchi za nje, na katika nchi nyingi za Afrika wahudumu wa vijijini waliolipwa kwa fedha hizo wakajikuta bila kazi kwa ghafula, na wagonjwa wao bila wa kuwatembelea. Siku ile kama kazi yao ingalikuwa katika bajeti ya nchi yao, wasingaliachwa hivyo. Nchi iwezayo kununua magari ya wakubwa kila mwaka isituambie kwamba haina cha kumpa kipofu.

Wa pili watasema, "Ukimpa maskini fedha, atakuwa mvivu, atakunywa pombe." Jambo hili limepimwa, halikuachwa kwa kukisia. TASAF iliwagawia fedha watu wa vijiji kadhaa katika wilaya za Bagamoyo, Kibaha na Chamwino tangu mwaka 2010, wakalinganishwa na vijiji vingine visivyopewa. Ilionekana kwamba waliopewa walizidi kufuga, kuku na mbuzi, na walizidi kujiandikisha katika Mfuko wa Afya ya Jamii. Ndiyo anasa yao hiyo: kuku, mbuzi, na cheti cha matibabu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Lakini akitaka kumjua, hesabu zipo.

Wa tatu watasema, na hawa twawaheshimu, "Mkiwalipa watu, moyo wa kujitolea utakufa." Twajibu kwamba moyo huo huuawa na udanganyifu, si na mshahara. Mwalimu hulipwa, lakini yuko mwalimu abakiaye jioni na mtoto mzito wa kuelewa. Mwuguzi hulipwa, lakini yuko mwuguzi amshikaye mkono mgonjwa asiye na ndugu. Kulipwa kwao hakukuwazuia kupenda; kumewapa nguvu ya kupenda bila watoto wao kulala njaa. Kinachoua moyo ni mtu kugundua kwamba wema wake umekuwa njia ya mwingine kuweka akiba.

Basi sisi tukaao vijijini tufanye nini? Tusiishie kunung'unika, maana manung'uniko hayajazi chungu. Tuna wajibu wetu, nao ni wa namna mbili.

Mmoja ni wa kuangalia. Orodha ya wenye shida hupitishwa katika mkutano mkuu wa kijiji. Tuhudhurie. Tuombe majina yasomwe kwa sauti, mbele ya wote, na tuulize juu ya kila jina lililoachwa. Kama ndugu wa mwenyekiti ameandikwa, na mjane wa bondeni hakuandikwa, tusikae kimya kwa kuona haya. Wasomao Matendo ya Mitume wajua kwamba jambo hili si geni: wajane wa upande mmoja walisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, manung'uniko yakatokea, na mitume hawakuwakemea walionung'unika. Walichaguliwa watu saba wenye sifa njema kuushika ugawaji ule. Kanisa la kwanza halikuona kwamba kudai mgawanyo wa haki ni ukosefu wa imani; kwa nini sisi tuone hivyo? Tena twasikia malalamiko mahali mahali, kwamba siku ya malipo maskini hukatwa mchango wa hiki na hiki kabla hajaondoka mezani. Jambo hilo tulikatae. Fedha ya mjane ni ya mjane. Akitaka kuchanga kwa ajili ya darasa, achange kesho, kwa hiari yake, kama wengine.

Wajibu wa pili ni wa mikono. Fedha ya serikali haiwezi kuchota maji. Haiwezi kumtoa kikongwe nje aote jua, wala kumsikiliza anapoeleza habari za ujana wake kwa mara ya kumi. Haijui kwamba leo hakuwasha moto, kwa kuwa moshi haukuonekana juu ya paa lake. Jirani ndiye ajuaye. Kwa hiyo anayesema "ameandikwa, hayatuhusu" aache neno hilo. Bibi aliyepokea fedha mjini, akarudi kwenye nyumba ivujayo ambayo hakuna kijana wa kuiezeka, huyo hakusaidiwa ila nusu. Na yule mama mhudumu, ambaye kutwa azunguka kwa ajili yetu, jembe lake lisilale. Siku moja katika wiki watu kumi wakalime shamba lake. Hiyo haitakuwa badala ya mshahara wake, ambao tutaendelea kuudai, bali itakuwa ishara kwamba twamwona.

Twasema haya bila chuki kwa serikali. Mdai mwema hamchukii mdeni wake. Humkumbusha tu, tena na tena, mpaka alipe. Akija kiongozi barazani na kusema, "Wananchi wajitolee," tumwitikie kwa heshima: "Vema, bwana, sisi tumekwisha kujitolea, machela imefika mlangoni. Tufungulie."